Tundu, Pini na Waya: Historia ya Kuunganisha Kibodi, kutoka Nyanda za Ufipa hadi Bonde la Rukwa

Katika maandishi ya historia ya kompyuta, kibodi huzungumziwa zaidi kwa mpangilio wa herufi zake, ule wa Q-W-E-R-T-Y uliotokana na mashine ya taipu ya Sholes na Glidden ambayo kampuni ya Remington ilianza kuiuza Marekani mwaka 1874, kuliko kwa mkia wake, yaani waya unaotoka nyuma na plagi iliyo mwishoni mwa waya huo. Upendeleo huo haumdhuru sana msomaji wa Kiswahili, kwa kuwa lugha yake huandikwa kwa herufi za Kirumi zisizo na alama juu wala chini, na kibodi iliyotengenezwa kwa ajili ya Kiingereza humtosha bila marekebisho, mradi ajue tu mahali ilipo ritifaa ya ng'ombe na ng'ambo. Suala la herufi lilikuwa limekwisha kuamuliwa kabla kompyuta haijafika Afrika Mashariki. Suala la plagi liliamuliwa, likabatilishwa na kuamuliwa upya mara tatu au nne ndani ya miaka 20, na kila uamuzi uliacha masalia yake katika ofisi, shule na stesheneri za mikoani.

Chukua mfano wa Milepa, kata ya Wilaya ya Sumbawanga iliyo bondeni, upande wa Ziwa Rukwa, ambako mtu hufika baada ya kuteremka ukingo wa Lyamba lya Mfipa, kutoka nyanda za juu za Ufipa zinazozidi mita 1,700 hadi tambarare ya joto iliyo karibu mita 800 juu ya usawa wa bahari. Barabara zinazoshuka ukingo huo, kama ile ya Ntendo kwenda Muze na ile ya Kalambanzite kwenda Ilemba, ndizo zilizobeba mpunga na ufuta kwenda juu na bidhaa za viwandani kuja chini, na kompyuta nazo zimeshuka kwa njia hizohizo, baada ya kusafiri zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam kupitia Mbeya na Tunduma. Kwa mahali kama hapo, kuchagua aina ya kiungo cha kibodi kulikuwa kwa muda mrefu jambo la jina tu, kwa sababu uchaguzi wenyewe ulifanywa na wahandisi wa Marekani, ukathibitishwa na waagizaji wa Dar es Salaam, na mtumiaji wa bondeni akaupokea ukiwa umechelewa miaka kadhaa. Tundu lililo nyuma ya kompyuta ya ofisi linaweza kusomwa kama hati inayoeleza mashine ile ilitengenezwa enzi gani na ilipitia mikono ya nani.

Ufipa ilikuwa imekwisha kupitiwa na waya wa namna hiyo, yaani waya unaobeba herufi kwa kubonyeza kitufe, muda mrefu kabla ya kompyuta kubuniwa. Kampuni ya African Transcontinental Telegraph, iliyoanzishwa na Cecil Rhodes mwaka 1892 kwa shabaha ya kuunganisha Rasi na Kairo, ilipata ridhaa ya Ujerumani kupitisha waya wa telegrafu katika koloni lake la Afrika Mashariki baada ya Rhodes kwenda Berlin mwaka 1899 na kuonana na Kaisari Wilhelm II. Waya huo ulitoka Abercorn, mji unaoitwa sasa Mbala nchini Zambia, ukafuata upande wa mashariki wa Ziwa Tanganyika kupitia Bismarckburg, yaani Kasanga, hadi Ujiji, ulikokomea mwanzoni mwa karne ya 20 bila kuifikia Kairo kamwe. Opereta wa telegrafu alikuwa na kitufe kimoja, na herufi zilitofautishwa kwa urefu wa mbonyezo na kwa mfuatano wake, hivyo kwamba waya mmoja ulitosha kwa alfabeti nzima. Kanuni hiyo ya kupeleka alama moja baada ya nyingine, badala ya kuipa kila herufi waya wake, ndiyo inayofanya kazi hadi leo ndani ya mkia wa kibodi, na ni vyema ikumbukwe na yeyote anayeshangaa jinsi vitufe zaidi ya 100 vinavyoweza kuhudumiwa na nyaya nne.

Telegrafu ilipita kandokando ya Ziwa Tanganyika na kuliacha bonde la Rukwa upande wa pili wa nyanda. Kazi ya maandishi katika maboma, misheni na mahakama za Ufipa ilibaki mikononi mwa mashine ya taipu, ambayo haikuhitaji kuunganishwa na kitu chochote, kwa kuwa kidole kiliisukuma herufi ya chuma, herufi ikagonga utepe wenye wino, na utepe ukaacha alama kwenye karatasi. Kompyuta ya kwanza ya serikali ya Tanzania, mashine ya aina ya ICT 1500 kutoka kampuni ya Kiingereza, iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, nayo ililishwa taarifa kwa kadi zilizotobolewa matundu. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake, baada ya kazi za hesabu za Hazina zilizohamishiwa kwenye mashine kuvurugika, na mwaka huohuo Mkoa wa Rukwa ukaanzishwa kwa kumega maeneo ya mikoa ya Mbeya na Tabora. Mkoa ulizaliwa, basi, ukiwa mkoa wa karatasi za kaboni, stensili na taipureta, na uliendelea hivyo kwa miaka mingi hata baada ya masharti ya marufuku kulegezwa hatua kwa hatua katika miaka ya 1980.

Marufuku hiyo imelaumiwa vya kutosha, na lawama nyingi ni za haki, lakini ina tokeo moja dogo ambalo halitajwi. Kipindi cha mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 kilikuwa kipindi cha vurugu kubwa ya viungo huko Ulaya na Marekani, ambapo kompyuta nyingi za nyumbani zilitengenezwa zikiwa na kibodi isiyobanduka, na zile zenye kibodi ya pembeni zilitumia kila moja plagi yake. Apple iliiunganisha kibodi ya Macintosh ya mwaka 1984 kwa plagi iliyofanana na ya simu, kisha kuanzia mwaka 1986 ikaja na mfumo mwingine wa tundu la duara uitwao ADB, ambao haukuelewana na ule wa kwanza. Tanzania bara iliikosa karibu vurugu hiyo yote. Kompyuta zilipoanza kuingia kwa wingi, mashine zilizofuata mfano wa IBM zilikuwa zimekwisha kushika soko, na fundi wa Sumbawanga alianza kazi yake akiwa na aina mbili tu za tundu za kujifunza badala ya kumi.

Aina ya kwanza kati ya hizo mbili ilikuwa tundu la DIN, lililopewa jina kutokana na herufi za mwanzo za taasisi ya viwango ya Ujerumani, ambako lilibuniwa kwa ajili ya redio na vinasa sauti. IBM ililichukua tundu hilo kwa ajili ya kompyuta yake ya mwaka 1981, pengine kwa sababu ya unafuu wake: plagi nene ya duara, yenye pini tano zilizopangwa kwa umbo la nusu mwezi ndani ya gamba la chuma. Mwaka 1984 IBM ilitoa mashine ya AT, ikabaki na plagi ileile lakini ikabadilisha itifaki, yaani makubaliano ya lugha kati ya vifaa viwili, ili kompyuta nayo iweze kuipelekea kibodi amri kama vile kuwasha taa ya herufi kubwa. Hapo ndipo ulipoanza mtego ambao umewasumbua mafundi wa kila bara: kibodi ya kizazi cha kwanza iliingia vizuri katika tundu la kizazi cha pili, ikatoshea kabisa, na isifanye kazi. Baadhi ya watengenezaji waliweka swichi ndogo chini ya kibodi ili mtumiaji achague lugha ya kutumia, na mtu asiyeijua swichi hiyo aliweza kuitupa kibodi nzima iliyokuwa haina kasoro yoyote.

Aina ya pili ilikuja mwaka 1987 pamoja na familia ya kompyuta za IBM zilizoitwa PS/2, na jina la familia hiyo limebaki kwenye tundu wakati kompyuta zenyewe zimesahaulika. Plagi ya PS/2 ni ndogo, yenye pini sita nyembamba na kijiti bapa cha plastiki kinachozuia isiingizwe kwa upande usiofaa, na kati ya pini hizo nne tu ndizo hufanya kazi: moja huleta umeme wa volti 5, moja hurudisha umeme huo, moja hubeba mapigo yanayoweka mwendo, na moja hubeba taarifa yenyewe. Kila kitufe kinapobonyezwa, kibodi hutuma namba yake kwa mafungu ya biti 11, biti ikiwa ndiyo alama ndogo kuliko zote, ya sifuri au moja: biti ya kuanzia, biti nane za taarifa, moja ya kukagua kosa na moja ya kumalizia. Kwa kuwa lugha ilikuwa ileile ya AT na umbo tu ndilo lililobadilika, adapta ya kugeuza DIN kuwa PS/2 haikuhitaji akili yoyote ndani yake, ila nyaya zilizoungwa pini kwa pini, na kifaa hicho kidogo kiliokoa kibodi nyingi.

Ni tundu la PS/2 lililoiona enzi ya stesheneri, yale maduka ya kuchapa barua, kutoa nakala na kupiga lamineti yaliyoenea katika miji midogo kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 na kushamiri katika muongo uliofuata, yakitumia kwa sehemu kubwa kompyuta za mezani za mtumba kutoka Ulaya na Uarabuni. Udhaifu wake ulikuwa pini. Mtu aliyeingiza plagi gizani chini ya meza, bila kutazama mshale uliochorwa juu yake, alipinda pini moja au mbili, na fundi alizinyoosha kwa kuivisha kila pini mrija mtupu wa kalamu ya wino na kuirudisha taratibu, akijua kwamba ikikatika hakuna dawa ila kukata waya na kuunga plagi nyingine. Tundu la kibodi na la kipanya yalikuwa na umbo moja, na ilibidi mwongozo uliotolewa na Microsoft na Intel mwishoni mwa miaka ya 1990 uyatenganishe kwa rangi, zambarau kwa kibodi na kijani kwa kipanya. Isitoshe, PS/2 haikukusudiwa kuchomekwa wakati mashine inawaka, kwani kufanya hivyo kuliweza kuunguza fyuzi ndogo iliyo kwenye bodi kuu, na hata pasipotokea madhara kompyuta kwa kawaida haikuitambua kibodi mpaka izimwe na kuwashwa tena. Sumbawanga, iliyokuwa ikipata umeme wake kutoka Zambia kwa njia ya Mbala kwa kuwa gridi ya taifa haikuwa imefika, haikuona sharti hilo kuwa zito sana. Mahali ambapo umeme hukatika wenyewe, kuzima na kuwasha ni sehemu ya kazi.

USB ilitangazwa mwaka 1996 na kundi la kampuni saba, zikiwemo Intel, Microsoft, Compaq na IBM, kwa nia ya kuondoa msitu wa matundu nyuma ya kompyuta na kuweka tundu moja linalofaa kila kifaa. Kwa kibodi peke yake haikuwa na manufaa makubwa. Kibodi ya PS/2 huistua kompyuta mara tu kitufe kinapobonyezwa, ilhali ya USB husubiri kuulizwa na kompyuta kila baada ya milisekunde chache kama ina jambo la kusema, na katika hali yake ya msingi haiwezi kuripoti zaidi ya vitufe sita kwa wakati mmoja, ukiacha vile vya kusaidia kama Shift na Ctrl. Mchapaji wa barua hawezi kuzihisi tofauti hizo. Alichokihisi ni uimara wa plagi: bapa, isiyo na pini ya kupinda, yenye vipande vinne vya shaba ambavyo viwili vya pembeni, vya umeme, ni virefu kuliko viwili vya katikati vya taarifa, ili umeme utangulie kufika kabla ya mazungumzo kuanza. Tofauti hiyo ya takriban milimita moja ndiyo inayoiwezesha USB kuchomekwa na kuchomolewa mashine ikiwa inawaka. Apple ilipoondoa matundu yote ya zamani katika iMac ya mwaka 1998 na kubaki na USB, wengi waliona ni ukaidi, lakini njia ilikuwa imekwisha kuonyeshwa.

Hata hivyo, ingekuwa makosa kudhani kwamba USB ilishinda katika bonde la Rukwa kwa sababu ya kibodi. Ilishinda kwa sababu ya flashi, ile kumbukumbu ya mfukoni iliyochukua nafasi ya disketi na kuwa njia kuu ya kusafirisha mitihani, ripoti na muziki mahali pasipo na mtandao. Ikashinda tena kwa sababu ya modemu, vile vifaa vidogo vya kampuni za simu vilivyoenea baada ya mkongo wa baharini wa SEACOM kufika Dar es Salaam Julai 2009. Na mwisho ikashinda kwa sababu ya simu za mkononi, ambazo tundu la kompyuta lilizichaji hata wakati kompyuta yenyewe haina kazi. Kibodi ilifuata mkumbo. Uandikishaji wa wapiga kura wa mwaka 2015 kwa mfumo wa kielektroniki wa BVR, ulioanzia Makambako mkoani Njombe mwezi Februari na kuenea nchi nzima, uliwaonyesha wakazi wa vijiji vingi kwa mara ya kwanza kompyuta iliyozungukwa na kamera, kisoma alama za vidole na printa, vyote vikifanya kazi pamoja kwenye dawati moja la kuandikishia.

Mashine ikiwa na matundu mengi ya USB, PS/2 ilipaswa kufa, nayo haikufa. Sababu moja ni usalama, kwani ofisi zinazofunga matundu ya USB ili kuzuia flashi zenye virusi bado huhitaji kibodi, na PS/2 huwapa kibodi isiyoleta kitu kingine chochote. Sababu nyingine iliwapata mafundi bila taarifa: bodi kuu zenye vichakataji vya Intel vya kizazi cha Skylake, vilivyotoka mwaka 2015, ziliachana na kidhibiti cha USB cha zamani ambacho Windows 7 ilikifahamu, hivyo fundi aliyejaribu kusimika Windows 7, programu iliyokuwa bado inapendwa mno, alifika kwenye ukurasa wa kuchagua lugha akakuta kibodi na kipanya vya USB vimekufa ganzi. Aliyekuwa amehifadhi kibodi ya zambarau kwenye boksi la vyuma chakavu, na bodi yake ikawa bado ina tundu lake, aliendelea na kazi. Aliyekuwa na adapta ya kugeuza USB kuwa PS/2 alifanikiwa mara nyingine na kushindwa mara nyingine, kwa kuwa adapta hiyo, tofauti na ile ya DIN, hufanya kazi tu pale kibodi yenyewe inapojua lugha zote mbili.

Kibodi zisizo na waya zina historia fupi zaidi bondeni, ingawa si ngeni duniani. IBM ilitoa kibodi ya miali isiyoonekana, kama ya rimoti ya televisheni, pamoja na kompyuta ya PCjr mwaka 1984, na ilikosolewa vikali. Bluetooth, iliyoanzia katika kampuni ya Ericsson ya Sweden na kuwekewa umoja wa watengenezaji mwaka 1998, na zile kibodi zinazokuja na kipokezi kidogo cha USB kinachotumia mawimbi ya gigahezi 2.4, zilirudisha wazo hilo likiwa na nguvu. Kwa stesheneri ya kijijini, ubaya wake uko wazi: betri ni gharama inayojirudia, na kipokezi chenye ukubwa wa ukucha kikipotea kwenye vumbi la kiangazi, kibodi nzima hugeuka plastiki tupu, kwa kuwa kwa kawaida kipokezi cha kibodi nyingine hakikubali kuishika. Kuna pia jambo la siri. Mwaka 2016 watafiti wa kampuni ya Bastille ya Marekani walionyesha kwamba kibodi kadhaa za bei nafuu za aina hiyo zilikuwa zikitangaza hewani kila herufi bila kuificha kwa msimbo, na mtu aliye umbali wa makumi ya mita aliweza kuzisoma. Mahali ambapo mteja humsomea mchapaji namba ya kitambulisho cha taifa, jina la mama na namba ya simu ili ajaziwe fomu, na ambapo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka mpokeaji wa taarifa hizo azilinde, waya unaoonekana kwa macho una hoja nzito kuliko inavyodhaniwa na wauzaji.

Sensa ya Agosti 2022 ilibadilisha meza kwa namna ambayo waliobuni viungo hawakuitarajia. Makarani walitumia vishikwambi, yaani kompyuta bapa za kugusa, na baada ya hesabu vifaa hivyo viligawiwa walimu wa shule za umma nchini. Kishikwambi hakina kibodi ila ile inayochorwa kwenye kioo, ambayo inatosha kwa kujaza umri wa mkaazi lakini humchosha mtu anayetunga mtihani wa kurasa nne. Mwalimu anayetaka vitufe vya kweli ana njia mbili. Anaweza kutumia waya mfupi wa OTG, unaokifanya kishikwambi kiongoze kifaa cha USB badala ya kuongozwa, na kwa njia hiyo kibodi iliyobanduliwa kutoka kompyuta ya mezani iliyokufa hupata kazi mpya bila gharama. Lakini kibodi hiyo hunyonya betri ya kishikwambi, na kwa kawaida hulishika tundu la pekee ambalo chaji nayo inalihitaji. Au anaweza kununua kibodi ya Bluetooth, akaliacha tundu huru kwa ajili ya chaja ya sola, na kukubali kuwa na betri ya pili ya kutunza. Kwa mara ya kwanza tangu tundu la DIN, uamuzi huo haufanywi na mwagizaji wa Dar es Salaam wala na bodi kuu, na hutegemea zaidi saa ngapi kwa siku shule yenyewe ina umeme.